Difu ya Mzigo na Difu ya Mbio

Adela alinipigia simu nikiwa mezani. Alisema wanunuzi wa vyuma chakavu wamefika kwao Muleba, wamelikuta tela la marehemu baba yake limelala nyuma ya nyumba, mgomba umeota katikati ya chesisi, na wanalitaka. Mama amekubali kuuza, ila amesema halikatwi mpaka Proje alione. Proje ndiye mimi. Nikamwuliza, "Mama anataka nilione la nini? Tela halijabadilika." Adela akacheka. "Mzee, mimi natumwa tu. Amesema uje, na usije umeshiba." Nikapanda gari asubuhi kutoka Bukoba, na njia nzima, tangu Kemondo, Izigo mpaka Muleba, sikuwa naliwaza tela. Nilikuwa nawaza mshale wa spidi wa pikapu ambayo haipo tena.

Nitaandika mwaka mmoja tu. Habari za kwetu, nani alimzaa nani, na shule niliyoishia darasa la saba, ziacheni. Nimekuwa nikiandika mambo yangu tangu ujana, na kila ninaporudia kusoma nakuta mahali nimejipendelea. Safari hii nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hasa waliokufa, maana hao hawawezi kunikatiza. Kama nitakosea, nimekosea kwa kusahau.

Ulikuwa mwaka ambao vita vya Amin vilikuwa vimekwisha zamani kidogo, lakini vyuma vyake bado vililala kando ya barabara kule Kyaka, na ugonjwa ulikuwa umeshaanza lakini hatujakubaliana tuuiteje. Wengine waliuita Juliana, kama zile nguo za magendo zilizokuwa zikivuka mpaka. Wengine waliuita slimu. Wengi hawakuuita kitu. Walisema "fulani haoni raha," na wewe ukaelewa. Mimi nilikuwa dereva wa Ta Karoli, baba yake Adela. Hatukuwa ndugu. Nilimwita Ta kwa heshima, kama tunavyowaita wanaume waliotutangulia. Wakati wa vita aliendesha lori la chakula cha wanajeshi, na baada ya vita akapata pikapu iliyotumika, ya magurudumu mawili ya kuvuta, rangi ya bluu iliyopauka. Tela alilitengeneza yeye na fundi Shomari kwa ekseli na chesisi ya lori lililoungua. Lilikuwa tela la kudumu, hilo sikatai, mpaka leo liko. Lakini lilikuwa zito hata likiwa tupu, na pikapu ilikuwa nyepesi.

Kazi yetu ilikuwa samaki na kahawa. Samaki waliletwa na mitumbwi ya injini kutoka Goziba na visiwa vingine, wavuvi wakishuka na macho mekundu wakitugombeza tufanye haraka kabla samaki hawajalegea. Kahawa ilikuwa ya magunia, haina haraka. Halafu polepole, bila mtu kuamua, tukawa gari la misiba. Kwetu mtu hazikwi popote tu. Afie Bukoba, afie Mwanza, afie kisiwani, atarudishwa kwenye kibanja, shamba la nyumbani kwao, azikwe kwenye migomba yake. Na mwaka ule walirudishwa wengi, tena vijana.

Hapo ndipo hesabu ya Ta Karoli ilipoharibika. Yeye alijua magunia mangapi ya kahawa tela linaweza kubeba na pikapu ikapanda nayo mlima wa kwao. Lakini msiba haupimwi kwa magunia. Ukifika kuchukua maiti wanapanda mashangazi, wanapanda wakwe, inapanda kwaya, na kila mmoja ana mkungu wa ndizi au mtungi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, au mzigo wa kuni, maana huwezi kwenda kulia mikono mitupu. Na huwezi kumwambia mtu ashuke. Kumteremsha mtu kwenye gari la msiba ni kumwambia kwamba hakumpenda marehemu. Basi tulikuwa tunaona springi zimelala kabisa, tunaangaliana, tunawasha gari.

Siku tuliyompeleka mwalimu mmoja kijana, tulifika katikati ya mlima, nikiwa gia ya kwanza, na injini ikakosa pumzi. Nikasikia harufu ya klachi. Halafu tukaanza kurudi nyuma, tela linatuvuta kama ng'ombe aliyekataa zizi. Kwaya ikaacha kuimba katikati ya neno. Nilikuwa nimesimama juu ya breki kwa miguu yote miwili. Shangazi mmoja mnene aliruka kutoka kwenye tela, akatupa mkungu wake wa ndizi nyuma ya gurudumu. Mkungu ukapondeka, lakini ulitupa nafasi ya mtu kuleta jiwe. Hakuna aliyeumia. Jeneza lilipandishwa mlima mabegani, na baba wa yule mwalimu, mtu mpole, alipita karibu na dirisha akasema, si kwangu, wala si kwa Ta Karoli, akasema tu, "Mwanangu kaletwa kwa kubebwa kama chumvi ya kuchuuza." Ta Karoli aliinamisha kichwa. Naye pia alipanda mlima ule kwa miguu, na nilimwona akisimama mara kwa mara, anajifanya anatazama bonde.

Fundi Shomari alikuja na basi kutoka Bukoba, amebeba gunia zito lililolowa oili. Huyu alikuwa mtu wa Tabora. Alikuja na jeshi kama fundi, vita vikaisha, wenzake wakapanda malori, yeye akabaki kwa sababu ya mwanamke wa Kashai. Alifungua gunia uani kwa Ta Karoli, mbele ya jiko, na ndani yake kulikuwa na difu ya gari la jeshi la aina ile ile ya pikapu yetu, yaani yale meno ya kwenye ekseli ya nyuma yanayozungusha magurudumu.

"Klachi nitakuwekea mpya," alisema, "na utaiunguza tena. Kosa haliko kwenye klachi, liko kwenye difu."

"Difu yangu nzima kabisa," Ta Karoli akasema.

"Nzima, nani kakataa? Lakini ni difu ya kijana wa mjini. Proje, njoo ushike tairi."

Alipiga jeki gurudumu moja la nyuma, akachora chaki kwenye tairi na kwenye ile shafti inayotoka kwenye gia boksi kwenda nyuma. Akaniambia nizungushe tairi mara mbili, si mara moja, kwa kuwa mwenzake amelala chini hazunguki, na mizunguko miwili ya tairi moja ni sawa na mmoja wa yote mawili. Nikazungusha. Shafti ilizunguka mara tatu na zaidi ya nusu. Halafu tukahesabu meno ya ile difu ya kwenye gunia, na hesabu yake ikawa karibu mara tano kwa mzunguko mmoja wa matairi.

"Umeona? Hii yenu, injini ikihangaika kidogo tu, tairi limekwenda mbali. Tambarare mnaruka. Lakini mlimani, na lile jumba mnaloliita tela, injini haina nguvu ya kusukuma hatua ndefu hivyo. Hii ya jeshi inapiga hatua fupi. Injini itapiga kelele, petroli itakunywa, mbio hamna. Ila itapanda na mashangazi wote."

"Huwezi kutupatia ya katikati?" Ta Karoli aliuliza. "Iende mbio, na ipande."

Shomari akacheka mpaka akakaa chini. "Ninyi Wahaya! Mnataka gari liruke kama ndege na libebe kama meli. Chagua moja, bwana. Au nikukatie tela, uvute kigari cha kuchezea watoto."

"Tela halikatwi."

"Basi umeshachagua nusu."

Tulikula ndani, chumba cha mbele, nyasi mpya zimetandazwa chini, redio ikiwa imezimwa kwa ajili ya kuokoa betri. Ma Gaudensia, mke wa Ta Karoli, alileta ndizi zilizopikwa na maharage, chai kwa Shomari kwa kuwa hakunywa lubisi, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Akarudi jikoni. Jiko lilitenganishwa na chumba kwa ukuta wa matete tu, moshi ulipita, na bila shaka maneno nayo yalipita, ingawa sikuliwaza hilo kwa miaka mingi. Ta Karoli alikula kidogo, akasogeza sahani kwangu kana kwamba ni mimi mwenye njaa. Shati lake lilikuwa lile lile la mwaka uliopita, ila lilionekana la kaka yake mkubwa. Sote tuliona.

Akamwambia kila mtu atoe maoni. Shomari alisema difu ya jeshi, kwa sababu za kifundi. Mimi nikasema tubaki na ya mbio. Nilisema samaki wa Goziba hawasubiri. Ta Karoli akasema, "Samaki wataoza, tutabeba kahawa. Sababu nyingine?" Nikatazama nyasi. Nikasema, "Ta, hospitali iko mbali."

Jikoni vijiko vilinyamaza. Sijui hata leo kama nilikuwa namtetea yeye au naitetea mbio. Nilikuwa kijana, nilipenda ile tambarare ya karibu na Izigo ambapo pikapu ilikuwa inaimba. Inawezekana yote mawili yalikuwa kweli.

"Hospitali ni ya mtu mmoja," Ta Karoli akasema. "Tofali ni la watu watano."

Tulijua anachosema. Kibanja alichokaa kilikuwa cha ukoo. Mume akifa, mjane anaweza kuambiwa asante kwa kututunzia ndugu yetu, sasa rudi kwenu. Sisemi kwamba ndugu zake walikuwa wabaya. Wengine nawajua, walikuwa watu wa haki. Lakini ilikuwa imetokea kwa majirani. Ta Karoli alikuwa amenunua kiwanja kando ya barabara, kwa jina la mkewe, amjengee yeye na watoto wao wanne, na mpaka siku ile kilikuwa na mihogo tu. Matofali ya kuchoma yalikuwa chini bondeni, mawe ya msingi yalikuwa ng'ambo ya mlima, na pikapu peke yake bila tela ingeyabeba mpaka watoto wazeeke.

"Na jambo moja la mwisho," Shomari akasema, akiosha mikono. "Mshale wa spidi unasomea kwenye gia boksi. Haujui kwamba difu imebadilika. Utawadanganya. Ukisema sitini, mjue mko arobaini na tano."

"Utatudanganya vizuri," Ta Karoli akasema. "Mzee kama mimi apewe sitini bure." Alikuwa hajafika miaka arobaini.

Difu ikafungwa. Ile ya mbio Shomari aliichukua kama sehemu ya malipo, akaiweka kwenye gari la mtu mwingine, kwa hiyo hakukuwa na kurudi nyuma. Miezi iliyofuata tulibeba mawe, matofali, mchanga, na kahawa ya kulipia saruji. Pikapu ilipanda mlima ikilia kama mtoto anayeonewa, lakini haikusimama. Ta Karoli alikaa kando yangu mwanzoni, baadaye alikaa kwenye kiti pale kiwanjani akihesabu mistari ya tofali ikipanda, baadaye alilala nyumbani na kuniuliza, "Leo imefika wapi?" Nikasema, "Dirisha, Ta." Siku nyingine, "Juu ya dirisha." Ma Gaudensia alikuwa akimlisha uji, na akisikia hivyo anasema, "Umesikia? Meza, ukaone mlango." Watu walianza kupunguza kuja. Siwalaumu sana. Tulikuwa hatujui ugonjwa ule unapitia wapi, kikombe au kinyesi au hewa, na mwoga naye ana watoto. Hata Ta Karoli hakupimwa, kwa hiyo siwezi kuandika kwamba ni huo. Naandika tu nilivyoona.

Paa lilipowekwa, mganga wa zahanati alisema apelekwe Mwanza, hospitali kubwa. Meli ilitoka Bukoba na kugusa Kemondo jioni. Tuliacha tela nyumbani. Mimi kwenye usukani, Ta Karoli katikati, Ma Gaudensia mlangoni, kichwa cha mumewe begani kwake. Tulichelewa kuondoka kwa sababu katekista alisali sala ndefu, na nani angemkatiza? Karibu na Izigo mwanamke mwenye mtoto wa surua alisimama katikati ya barabara, na ni Ta Karoli mwenyewe aliyesema, "Mpakie." Hapo jua lilikuwa limeshashuka. Tulipofika ile tambarare nikakanyaga mpaka mwisho. Injini ikapiga kelele zote ilizokuwa nazo. Nilijua tunakwenda taratibu. Migomba ilikuwa inapita kwa adabu.

Ta Karoli akafungua macho, akatazama mshale. Akamgusa mkewe goti.

"Gauda, tazama. Sitini."

Akanikonyeza. Nakumbuka vizuri lile jicho, kubwa katika uso ule mdogo. Alikuwa anamtuliza, na alitaka nisimharibie.

Ma Gaudensia akainama, akatazama mshale. "Naona, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima na upendo. "Mwambie Proje apunguze, utaumia."

"Proje, punguza," akasema, anatabasamu. Sikupunguza. Hapakuwa na cha kupunguza.

Kemondo tulifika meli imeshaondoka gatini. Taa zake zilikuwa bado kubwa. Mpagazi mmoja alisema, "Mmeikosa sasa hivi, mngekuja hata kidogo tu kabla." Watu husema hivyo hata kama umechelewa nusu saa, lakini maneno yale yalikaa kwangu miaka. Tukaendelea mpaka Bukoba, hospitali ikampokea, wauguzi walimtunza vizuri, na baada ya wiki kadhaa akafia pale. Nilimrudisha mimi. Walipanda mashangazi, wakapanda wakwe, ikapanda kwaya, mikungu, mitungi, kuni, mbuzi wawili. Shomari alikaa nyuma ya tela miguu ikining'inia, anasikiliza difu. Tulipanda ule mlima bila kusimama, na kwaya haikukata wimbo mahali popote. Tukamzika kwenye kibanja cha baba zake. Baada ya matanga, ukoo ulikaa, na Ma Gaudensia akaondoka na watoto wake wanne, kwa amani, akaenda kufungua mlango wa nyumba ya tofali.

Basi hayo ndiyo niliyoyabeba. Ile difu ya mbio ingetufikisha Kemondo kabla ya meli? Nimepiga hesabu mara nyingi. Barabara ilikuwa ya mashimo, mahali pa kukimbia palikuwa pachache, kulikuwa na sala, kulikuwa na mtoto wa surua. Pengine tofauti ilikuwa muda wa kuchemsha chai. Lakini meli iliondoka katika muda wa kuchemsha chai. Na Mwanza wangempa nini, wakati ule ambapo dawa hazikuwapo popote? Na bila difu ile, nyumba ingeishia msingi. Kila hesabu inatoka sawa, halafu asubuhi naianza tena.

Tela nililikuta kama Adela alivyosema. Mgomba ulikuwa na mkungu. Ma Gaudensia sasa ni mzee wa kweli, anatembea na fimbo, anasikia vizuri kuliko mimi. Alinilisha ndizi na samaki mpaka nikaomba msamaha, kisha tukakaa barazani tukiwasubiri watu wa vyuma. Sikuwa nimepanga kusema. Nikasema, "Ma, ile siku ya meli. Ule mshale. Haikuwa sitini."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi nilikuwa jikoni, Proje. Shomari alikuwa na sauti ya jeshi. Unafikiri nilikuwa nasikiliza maharage?"

Akaendelea, anakwangua udongo kwa fimbo. "Alitaka nione tunakimbia. Basi nikaona tunakimbia. Ningemwambia nini?" Kisha akauliza, "Arobaini na tano, siyo?"

"Arobaini na tano, Ma. Pengine chini ya hapo."

"Alinilalia hapa," akasema, akagusa bega la kulia, "njia nzima. Nyumbani alikuwa analala peke yake, mwili ulimwuma, hakutaka kuguswa. Ungekimbia, ningekaa naye hivyo kidogo tu."

Lori la vyuma chakavu likaingia uani. Vijana wakashuka na gesi yao ya kukatia, wakauliza waanzie wapi. Ma Gaudensia akawaambia wasubiri, mkungu ule haujakomaa lakini ukatwe kwanza, mgeni ataondoka nao. Nimerudi nao Bukoba, nimeuweka hapa ninapoandika. Sijui kama aliyoniambia kuhusu bega ni kweli tupu, au na mimi alikuwa ananionyesha mshale. Nilimjibu vilevile alivyomjibu mumewe. Nilisema, "Naona, waitu."